Kugawa Mabasi ya Mwendokasi Alfajiri: Anza na Yale Yanayotembea

Msimamizi wa zamu katika karakana ya mabasi ya mwendokasi jijini Dar es Salaam hugawa kile alichonacho saa kumi alfajiri, wala si kile kilichoandikwa kwenye daftari la mali. Kwa hiyo, kabla ya kumpangia dereva yeyote basi, pokea kwa maandishi taarifa ya fundi wa usiku inayoonyesha basi lipi ni zima, lipi linasubiri spea na lipi limetengenezwa lakini halijajaribiwa. Hilo la mwisho lihesabu kuwa bovu.

Kisha piga hesabu ya kila njia. Chukua dakika za mzunguko mzima, pamoja na za kugeuza na kupumzika, uzigawe kwa dakika unazotaka zipite kati ya basi na basi. Tuseme Kimara hadi Kivukoni na kurudi ni dakika 120, nawe unataka basi kila baada ya dakika 5: utahitaji mabasi 24. Tumia muda uliopimwa asubuhi ya siku ya kazi, kwa maana muda wa Jumapili utakudanganya. Walau basi moja kwa kila kumi libaki kuwa la akiba, likiwa na mafuta na dereva wake. La akiba lisilo na dereva ni pambo la uwanja.

Matengenezo yafuate kilometa, yasisubiri lalamiko. Breki za upepo, hata hivyo, hukaguliwa kila siku: jaza upepo hadi geji itulie, zima injini, kanyaga pedali uishikilie, kisha sikiliza kama kuna mvujo huku ukiitazama geji. Matangi ya upepo yatolewe maji yaliyojikusanya ndani. Karakana ya Jangwani, iliyo katika bonde la Mto Msimbazi, imefurika zaidi ya mara moja tangu huduma ianze mwaka 2016. Basi lililosimama ndani ya maji lisiwashwe kabla oili ya injini, ya gia na ya difu (gia za ekseli ya nyuma) haijatazamwa, na ikionekana nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia.

Kuhusu madereva, leseni na cheti cha kuendesha magari ya abiria, kama kile cha Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, havitoshi. Vituo viko katikati ya barabara, hivyo dereva aliyezoea kushushia abiria kushoto sharti ajifunze upya kuegesha kwa mkono wa kulia, tena bila kuacha mwanya ambao mguu wa mtoto unaweza kutumbukia. Chora mstari wa chokaa uwanjani, mpe basi tupu la mita 12, na baadaye lile la mita 18 lenye kiungo katikati, ambalo mkia wake haupiti pale pale kichwa kilipopita. Asiyeweza kusimama sawasawa na mstari mara kumi mfululizo asipewe abiria.