Somo: Safari ya ombi moja kupitia matabaka ya mtandao

Kwa kuwa swali la tofauti kati ya anwani ya MAC (ya kadi ya mtandao ya kifaa) na anwani ya IP (inayokitambulisha kifaa kati ya mitandao) haliishi kuulizwa, nimeona nilijibu mara moja kwa kufuata ombi la ukurasa kutoka kwenye kivinjari hadi kwenye seva. Natumia mfumo wa TCP/IP wenye matabaka manne; ule wa OSI wenye saba, uliotolewa na ISO (shirika la kimataifa la viwango) mwaka 1984, husomwa zaidi kuliko unavyotumika.

Hatua ya 1. Tabaka la programu: kivinjari huandika ombi la HTTP (lugha ya kivinjari na seva).

Hatua ya 2. Tabaka la usafirishaji: TCP hulikata ombi vipande na kukiwekea kila kipande namba za poti (zinazoonyesha programu husika), kwa mfano 443 upande wa seva.

Hatua ya 3. Tabaka la intaneti: IP huongeza anwani ya mtumaji na ya mpokeaji wa mwisho.

Hatua ya 4. Tabaka la kiungo, na hapa ndipo wengi hupotea. Fremu (bahasha inayobeba pakiti kwenye kiungo kimoja) inayotoka kwenye kompyuta yako haibebi anwani ya MAC ya seva iliyo mbali, bali ya ruta (kifaa kinachounganisha mitandao) iliyo jirani, ambayo kompyuta huipata kwa kuiuliza kwa ARP (njia ya kutafuta MAC ya anwani ya IP iliyo jirani). Ruta huivua fremu, husoma anwani ya IP, hupunguza TTL (idadi ya ruta ambazo pakiti bado inaruhusiwa kupita) kwa 1, kisha huifunga pakiti ileile ndani ya fremu mpya yenye MAC yake kama mtumaji na ya kituo kinachofuata kama mpokeaji. Tahadhari: swichi (kifaa cha kuunganisha vifaa vya mtandao mmoja) haibadilishi anwani hizo, ruta ndiyo hubadilisha, na penye NAT (kubadilisha anwani za ndani kuwa ya nje), hata anwani ya IP hubadilishwa.

Hatua ya 5. Seva huvua vichwa, yaani taarifa zilizoongezwa kila hatua, kwa mpangilio wa kinyume.

Swali: Mkuu, MAC ya seva ya nje naipataje?
Jibu: Huipati. Rudia hatua ya 4.

Swali: Ping inajibiwa lakini ukurasa haufunguki. Nibadilishe kebo?
Jibu: Kebo imeingiaje, ndugu, ilhali ping, yaani ujumbe wa kupima kama kifaa kinafikika, imejibiwa? Kagua DNS (inayotafsiri majina kuwa anwani za IP) na poti 443.

Swali: Kwa nini vipande vya TCP mara nyingi huishia baiti 1460?
Jibu: Swali zuri. Fremu ya kawaida ya Ethernet hubeba baiti 1500. Kichwa cha IPv4 huchukua 20 na cha TCP 20. Ukitumia VPN (njia ya faragha inayofunga pakiti ndani ya pakiti nyingine), kichwa cha ziada hupunguza nafasi hiyo, ndiyo maana ping ndogo hupita na ukurasa mzito ukakwama. Jaribu ping ya baiti 1472 isiyoruhusiwa kugawanywa: ikigoma, punguza ukubwa hadi ipite, kisha ongeza 28 (20 za IP na 8 za kichwa cha ping) upate MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ya njia hiyo.