Namna ya Kukabili Vita vya Taarifa Mpakani: Funzo la Poland na Belarus

Katika vita vya taarifa, yaani pale uongo unapotumiwa kama silaha, kabla ya kutoa tamko lolote chunguza uongo unaosambaa unamlenga nani na unamsukuma afanye nini. Mwaka 2021 maelfu ya watu, wengi wao Wakurdi wa Iraq, walifika Minsk, mji mkuu wa Belarus, kwa ndege baada ya kuaminishwa kwamba njia ya kutoka Belarus kupitia Poland hadi Ujerumani ni nyepesi. Waliodanganywa walikuwa wasafiri hao, hivyo tangazo la Kipolandi lisingewasaidia kitu.

Kanusha mapema, kwa lugha ya mlengwa, na utaje jambo mahususi. Novemba mwaka huo ulipovuma uvumi kwamba Poland ingewaruhusu watu kupita na mabasi yangewachukua hadi Ujerumani, serikali ya Ujerumani ilikanusha hadharani, nayo Poland ikatuma ujumbe mfupi kwenye simu za kigeni zilizokuwa karibu na mpaka.

Hata hivyo, mtu aliyekwisha kuuza mali yake ili alipe nauli hageuzwi na ujumbe wa simu akiwa tayari katika misitu ya mpakani, kwa hiyo ukweli umfikie akiwa bado nyumbani, sambamba na diplomasia. Iraq ilisimamisha safari za ndege za Minsk mwezi Agosti, na Novemba Uturuki ikazuia raia wa Iraq, Syria na Yemen kukata tiketi za kwenda huko.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: usiwafungie waandishi wa habari mlango. Poland ilitangaza hali ya hatari mpakani mwezi Septemba na kuwazuia waandishi na watoa misaada kuingia eneo hilo, ilhali Belarus iliwakaribisha waandishi wa kigeni upande wake, karibu na kituo cha kuvukia mpaka cha Bruzgi. Matokeo yake, picha nyingi zilizoonekana duniani zilipigwa mahali palipochaguliwa na serikali ya Belarus, na Poland ikabaki na matamko ambayo hakuna mwandishi huru aliyeweza kuyathibitisha. Andaa utaratibu wa kuwasindikiza waandishi hadi mpakani, hata kama watakayoyaona yatakuaibisha.

Mwisho, pima kila ujumbe kwa macho ya anayeupokea kwenye baridi akiwa na watoto. Walikuwapo waliofia katika misitu ile. Ukimwambia arudi, mweleze pia mahali pa kupata daktari, chakula na afisa wa kupokea ombi lake la hifadhi.