Mche wa kahawa ukigeuka njano, usikimbilie yurea

Kila msimu ni yale yale. Mche wa kahawa unageuka njano, mkulima anachota konzi ya yurea, mbolea ya naitrojeni, na kuimwaga shinani. Wiki mbili baadaye anaongeza konzi ya pili, na mche unazidi kudhoofika. Yurea yenyewe haina kosa. Kosa ni kuiweka kabla hujatazama ni majani yapi yameanza kubadilika, ya chini au ya juu.

Naitrojeni, magnesiamu na potasiamu huhama ndani ya mmea. Zikipungua, mche huzitoa kwenye majani yaliyokomaa na kuyapa machanga, kwa hiyo dalili huanza chini. Chuma, zinki, boroni na kalsiamu hazihami kirahisi, na upungufu wake huonekana kwanza kileleni. Ukikosea hapa, fedha yote ya mbolea imepotea.

Yurea ni dawa ya hali moja tu, upungufu wa naitrojeni: majani ya chini yamepauka jani zima, pamoja na mishipa yake, na mpauko huo unapanda juu. Jani la chini likiwa njano katikati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, kinachopungua ni magnesiamu. Kingo zikikauka na kuwa kahawia, ni potasiamu.

Sasa tazama juu. Majani machanga yaliyopauka hadi kukaribia weupe, yenye wavu mwembamba wa mishipa ya kijani, yanakosa chuma. Majani madogo, membamba, na pingili fupi zilizobanana, ni zinki. Ncha ikifa na vichipukizi vingi vikatoka chini yake, shuku boroni. Mche unaokosa zinki ukipewa yurea hukazana kutoa majani mapya, na zinki ile ile kidogo inagawanywa kwa majani mengi zaidi. Ndiyo maana hali huwa mbaya zaidi baada ya "kuusaidia".

Na majivu jamani, yapunguzeni! Kahawa hupenda udongo wenye pH (kipimo cha tindikali; ikipanda, tindikali imepungua) kati ya 5 na 6. Majivu hupandisha pH, na udongo ukishaacha tindikali, chuma na zinki hubaki humo lakini mizizi haiwezi kuzichukua. Tena majivu yana potasiamu nyingi, ambayo huibana magnesiamu isiingie mmeani. Chokaa iliyowekwa bila kupima udongo hupandisha pH vivyo hivyo. Mtu anajaza majivu kwenye shimo la kupandia, kilele kinapauka kwa kukosa chuma, kisha anamwaga yurea juu yake.

Kabla ya mbolea yoyote, fukua kidogo pembeni mwa shina. Mzizi mkuu uliojikunja wakati wa kupanda, maji yaliyotuama au vinundu vya minyoo kwenye mizizi vitaleta unjano ambao hakuna mfuko wa mbolea utakaouondoa.

Ikithibitika ni naitrojeni, hapo pima. Nasema pima, si kukadiria kwa kiganja. Yurea ina naitrojeni asilimia 46, CAN (mbolea nyingine ya naitrojeni, yenye kalsiamu) asilimia 26 hivi, kwa hiyo kipimo cha moja si kipimo cha nyingine. Kwa mche wa mwaka wa kwanza, gramu 10 za yurea kwa awamu zinatosha. Konzi ya mtu mzima hubeba mara kadhaa ya hapo. Pima kwenye mizani mara moja, weka alama kwenye kikopo kidogo, kisha tumia kikopo hicho shamba zima. Awamu ya kwanza ni wiki ya 6 hivi baada ya kupanda, majani mapya yakishakomaa, kisha kila baada ya wiki 6 hadi 8, udongo ukiwa na unyevu. Zungushia duara sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye shina na ufukie. Yurea iliyoachwa juu ya udongo hupotea hewani, na iliyogusa shina huliunguza.

Upungufu mwingine hutibiwa haraka kwa kunyunyizia majani. Kwa bomba la lita 20, weka gramu 60 za salfeti ya zinki, au gramu 200 za salfeti ya magnesiamu, au gramu 40 za asidi ya boriki. Usizidishe boroni hata kidogo, kwani kati ya dawa na sumu hapo pana nafasi finyu. Nyunyiza asubuhi kabla jua halijawa kali, na ulenge upande wa chini wa jani, kwa kuwa vitundu vya kupumulia vya kahawa viko huko. Anza na miche michache, subiri wiki moja, kisha endelea na shamba lote. Jozi mpya za majani zikitoka kijani, umepatia. Yale ya zamani yasahau.

Dalili zikichanganyika, peleka udongo maabara. Chukua sehemu 15 hivi kwa kwenda zigizaga, kina cha sentimita 0 hadi 30, nje ya duara la mbolea, changanya na utoe nusu kilo. Tumia ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati imepakwa zinki, na majibu yatakuambia unayo ya kutosha wakati miche yako inaililia.