Somo: Vimeng'enya viko wapi tumboni mwa farasi na ng'ombe, na namna ya kulisha kwa kufuata mpangilio huo

Farasi na ng'ombe wote hula majani, lakini hakuna hata mmoja anayetengeneza kimeng'enya cha kuvunja selulosi, yaani nyuzi ngumu za majani. Kazi hiyo hufanywa na bakteria, protozoa na kuvu. Kinachowatofautisha ni mahali vijidudu hao wanapokaa: kwa ng'ombe wako mlangoni, kabla chakula hakijavifikia vimeng'enya vya mnyama mwenyewe, kwa farasi wako uani, vimeng'enya vyake vikishamaliza kazi. Ukilishika hilo, makosa mengi ya ulishaji utayaona kabla hayajatokea.

Hatua ya 1: Mate

Usiyategemee kuvunja wanga. Mate ya ng'ombe hayana amilesi (kimeng'enya cha kuvunja wanga), na ya farasi ni kama hayana. Kazi yake kubwa ni kulainisha chakula na kutuliza asidi. Ng'ombe mkubwa hutoa zaidi ya lita 100 kwa siku. Farasi hutoa lita 35 hadi 40, tena pale tu anapotafuna. Kwa hiyo farasi mpe majani makavu kwanza, nafaka ifuate. Ndama ana la ziada: sehemu ya ulimi wake hutoa lipesi inayoanza kuvunja mafuta ya maziwa, na hutoka nyingi zaidi akinyonya chuchu kuliko akinywa ndooni.

Hatua ya 2: Rumeni ya ng'ombe

Ukuta wa rumeni, yaani tumbo la kwanza, hautoi kimeng'enya chochote. Selulesi (ya selulosi), amilesi, protiesi (ya protini) na yuriesi (ya urea) zilizomo humo ni za vijidudu. Ndiyo maana ng'ombe mzima hufaidika na urea: yuriesi huigeuza kuwa amonia, bakteria huitumia kujijengea protini. Isizidi kilo 1 katika kilo 100 za chakula cha ziada, ichanganywe sawasawa, na ndama asipewe. Usiiweke pamoja na soya mbichi, kwani soya hiyo ina yuriesi yake. Amonia hutoka kwa kasi na ng'ombe hupata sumu. Mafuta nayo yakizidi huwakwamisha bakteria wanaovunja majani.

Hatua ya 3: Tumbo la nne na utumbo mdogo wa ng'ombe

Hapa ndipo vimeng'enya vya ng'ombe mwenyewe vinapoanza: asidi, pepsini ya kuvunja protini, na lisozaimu inayopasua bakteria waliotoka rumeni. Kongosho huongeza tripsini (nayo ya protini), lipesi, amilesi na ribonyukliesi nyingi ya kuokoa naitrojeni na fosforasi kutoka kwa bakteria hao. Kwa maneno mengine, ng'ombe huwalisha bakteria, kisha huwala.

Kwa ndama, maziwa huipita rumeni kwa mfereji wa umio na kutua moja kwa moja tumbo la nne. Renini, kimeng'enya cha tumbo hilo, huyagandisha ndani ya dakika chache: donge jeupe la kasini (protini ya maziwa) na mafuta hubaki tumboni likimegwa polepole kwa saa kadhaa, huku maji yake ya rangi ya manjano-kijani yakitangulia utumboni na laktosi (sukari ya maziwa). Maziwa yaliyochemshwa sana hayagandi vizuri, hivyo hupita kabla hayajameng'enywa.

Hatua ya 4: Farasi, na hapa pima kwa mizani

Tumbo lake ni dogo, lita 8 hadi 15, na asidi hutoka saa zote, hata likiwa tupu. Lina pepsini na lipesi. Utumbo mdogo una urefu wa mita 20 hivi. Kuta zake zina sukresi (ya kuvunja sukari ya mezani) na maltesi (ya sukari itokanayo na wanga) za kutosha, hasa mwanzoni, lakini amilesi ya kongosho ni chache. Hicho ndicho kikomo chake. Hana kifuko cha nyongo, ila nyongo hutiririka muda wote, kwa hiyo mafuta huyamudu akizoezwa taratibu kwa wiki 2 au 3.

Kipimo salama ni gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa mlo mmoja. Farasi wa kilo 450 asipite gramu 450 za wanga. Mahindi yana wanga kama asilimia 65, kwa hiyo ni gramu 690 hivi. Oti zina kama asilimia 40, kwa hiyo ni kilo 1.1. Usipime kwa kopo, maana kopo la mahindi ni zito kuliko kopo lile lile la oti.

Wanga ukizidi huponyoka hadi utumbo mkubwa, makao ya bakteria wake. Bakteria huuchachusha kwa kasi, asidi ya laktiki hupanda, bakteria wa majani hufa na kuachia sumu. Utaona msokoto wa tumbo, na baada ya siku moja au mbili farasi anasita kukanyaga: kwato zina moto, ndani zimevimba. Muite daktari wa mifugo bila kungoja.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Ndama wa siku 9 anaharisha. Nimempa maji ya chumvi na sukari kama tunavyowapa watoto, naona kumezidi.

Jibu: Marahaba. Ng'ombe hana sukresi. Sukari ya mezani haivunjwi, inabaki utumboni ikivuta maji, ndiyo maana kumezidi. Tumia paketi yenye glukosi, changanya kwa kipimo kilichoandikwa, lita 2 kwa mara, katikati ya milo ya maziwa. Maziwa usiyakate. Macho yakiingia ndani au akishindwa kusimama, anahitaji dripu.

Swali: Mbona ng'ombe wakubwa wanakula molasi na hawaharishi?

Jibu: Kwa sababu bakteria wa rumeni huimaliza sukari kabla haijafika utumboni. Kwa ndama, kinywaji hupita pembeni ya rumeni.

Swali: Na uji wa mahindi kwenye maziwa ya ndama?

Jibu: Wiki 3 za kwanza acha kabisa, amilesi yake bado ni kidogo. Nafaka mwekee kavu, kidogo kidogo, ili achangamshe rumeni na kuikuza.

Swali: Kusaga mahindi ya farasi kunasaidia?

Jibu: Kunasaidia kiasi. Mahindi mazima, wanga unaomeng'enywa utumbo mdogo ni kama theluthi tu. Yaliyopikwa au kupasuliwa kwa moto hupanda sana. Kipimo cha gramu 1 kinabaki palepale.

Swali: Chakula cha ng'ombe kilichobaki naweza kumpa farasi au punda?

Jibu: Usimpe. Kikiwa na monensini (dawa inayochanganywa kwenye chakula cha ng'ombe), kiasi kidogo tu huharibu misuli ya moyo na kuua. Urea nayo hufyonzwa utumbo mdogo kabla ya kuwafikia bakteria, kwa hiyo haimjengei protini. Punda ana mpangilio ule ule wa farasi na huhitaji nafaka kidogo zaidi: nyasi kavu na mabua safi yasiyo na ukungu, basi.