Siku mbili Mombasa na marafiki: anzeni na Mji wa Kale

Mkishuka kwenye treni ya SGR pale Miritini, msikimbilie ufukweni kwanza. Kwa siku mbili tu, kisiwa chenyewe kinawatosha. Ingieni Fort Jesus asubuhi, jua halijawa kali. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo 1593, na ukiwa juu ya kuta zake bahari unaiona vizuri mno. Mkitoka, Mji wa Kale uko hapo hapo. Humo msiwe na haraka kabisa. Tazameni milango ya nakshi na roshani za mbao, zungukeni vichochoroni, ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Vaeni kwa heshima, maana ni makazi ya watu. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa swala.

Kinachovuruga safari za marafiki mara nyingi ni pesa. Sisi huchanga kabla ya kuondoka, mmoja anashika mfuko, na viazi karai, madafu, tuktuk, vyote vinalipwa humo. Jioni nendeni Mama Ngina, bustani iliyo kando ya bahari, mkapunge upepo, mkila mihogo. Feri ya Likoni iko karibu, na wanaovuka kwa miguu hawalipi.