Somo: Kukokotoa umbali na muda wa ndege kati ya Lisbon na Madrid

Wanajamvi, habari za saa hizi. Tiketi ya Lisbon kwenda Madrid inaweza kuandikwa kuondoka 10:00, kufika 12:20. Wengi wakiiona wanajua ndege itakaa angani saa mbili na ushee. Sivyo kabisa. Chukua kalamu na kikokotoo tuhesabu wenyewe.

Hatua ya 1: umbali wa angani. Lisbon iko digrii 38.72 Kaskazini na 9.14 Magharibi. Madrid ni 40.42 Kaskazini na 3.70 Magharibi. Tofauti ya latitudo ni 1.70, na kila digrii ni kama km 111, kwa hiyo tuna km 189. Tofauti ya longitudo ni 5.44, ila hapa usikimbilie kuzidisha kwa 111, ndipo wengi wanapopotea. Mistari ya longitudo husogeleana kadiri unavyoiacha Ikweta. Pale Nanyuki, Kenya, kwenye Ikweta yenyewe, digrii moja ni km 111. Huku juu, kwenye wastani wa latitudo 39.57, zidisha 111 kwa kosini ya latitudo hiyo (cos kwenye kikokotoo, 0.771), unapata 85.6. Mara 5.44 ni km 466.

Sasa Pythagoras wa darasani: kipeo cha pili cha 189, jumlisha cha 466, kisha tafuta kipeuo. Jibu ni km 503. Kwa miji iliyo mbali sana, kama Lisbon na Helsinki, njia hii haitoshi kwa sababu dunia ni mviringo.

Hatua ya 2: muda. Gawa 503 kwa mwendo wa km 800 kwa saa: dakika 38. Ongeza nusu saa ya ndege kutembea uwanjani, kupaa na kushuka. Inakuja saa 1 na dakika 8 hivi. Mashirika huweka akiba kidogo kwenye ratiba, ndiyo maana utaona saa 1 na dakika 15 hadi 25.

Hatua ya 3: saa za ukutani. Madrid iko saa moja mbele. Hispania ilisogeza saa zake mwaka 1940 na haikuzirudisha, ingawa kwa jua ingefaa iende na London. Hivyo 10:00 (saa nne asubuhi) hadi 12:20 ni saa 1 na dakika 20 tu. Ukirudi, usishangae tiketi ikisema kuondoka 13:00, kufika 13:20.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kwa gari je?*
Barabara ni kama km 625, unapitia Badajoz na Mérida. Tenga saa sita bila kupumzika. Treni ya usiku ya moja kwa moja, Lusitania, ilisimama mwaka 2020.

*Kwenda na kurudi muda ni uleule?*
Siyo lazima, ndugu. Huko juu upepo huvuma zaidi kutoka magharibi, kwa hiyo kwenda Madrid mara nyingi unasukumwa, kurudi unapambana nao.

*Nikitua Madrid nina ndege nyingine baada ya saa moja. Inatosha?*
Dada, angalia terminali (jengo la abiria) kwanza. Pale Barajas, uwanja wa ndege wa Madrid, T4 iko mbali na T1, T2 na T3. Kuna basi la bure, lakini linakula muda. Kama ni tiketi mbili tofauti na una begi la kuchukua, usithubutu. Tafuta ndege ya baadaye.