Namna ya Kuchunguza Maisha na Kazi za Msanii wa Ukoo Wako

Koo nyingi zina mtu anayetajwa kwa maneno mawili tu: "alikuwa akichora". Picha zake chache zimebaki ukutani kwa shangazi, michoro mingine imo ndani ya sanduku lililofungwa tangu msiba, na wanaomkumbuka vizuri wanazidi kupungua. Ndugu anayejitwika kazi ya kumchunguza msanii huyo kwa kawaida huanza kwa kupangusa vumbi na kupanga vitu upya, jambo ambalo lingefaa kusubiri hadi kila kitu kiwe kimerekodiwa mahali kilipo.

Sababu ni kwamba mpangilio aliouacha mwenyewe ni ushahidi. Michoro iliyofungwa pamoja kwa uzi huenda ilifanywa katika kipindi kimoja, na risiti ya rangi iliyochomekwa katikati ya daftari huenda ikawa ndiyo tarehe pekee utakayoipata kwa mwaka mzima wa maisha yake. Kabla ya kutoa chochote, piga picha chumba, kisha sanduku likiwa wazi, kisha kila tabaka unapoliondoa. Lipe kila sanduku namba, na kila kitu namba inayoonyesha kilitoka sanduku gani. Usitupe bahasha tupu, kwa kuwa muhuri wa posta unaweza kukueleza msanii aliishi wapi mwezi fulani wakati ambapo hata watoto wake hawajui.

Ukishafika kwenye kazi zenyewe, zigeuze. Naamini mgongo wa picha una habari nyingi kuliko watu wanavyodhani, na ningependa kila mtu atumie muda mwingi huko kama anaoutumia upande wa mbele. Utakuta karatasi iliyobandikwa na waandaaji wa maonyesho, namba iliyoandikwa kwa chaki, mhuri wa muuzaji wa turubai (kitambaa cha kuchorea), jina la mtengenezaji wa fremu, jina la picha ambalo familia haijawahi kulitumia, au anwani ya zamani iliyokatwa na kuandikwa nyingine. Matundu ya misumari ya zamani yasiyolingana na fremu ya sasa yanaonyesha kwamba turubai iliwahi kutolewa na kuwambwa upya, pengine ikapunguzwa. Upande wa mbele nao, zima taa ya chumba na umulike tochi kutoka ubavuni, mwanga ukipita juu ya uso wa picha karibu na kuugusa: saini iliyokwaruzwa kwenye rangi mbichi, mistari ya mchoro uliofunikwa, au sehemu iliyotengenezwa baadaye hujitokeza kwa vivuli vyake.

Kwa kila kazi andika mambo yaleyale, kwa utaratibu uleule: namba, jina kama lipo, malighafi, kimo kwanza halafu upana kwa sentimita, saini na mahali ilipo, maandishi yote neno kwa neno hata yakiwa na makosa ya tahajia, hali yake, na watu ambao imepitia mikononi mwao. Unapokisia mwaka, andika kwamba ni kisio na ueleze umekisia kwa sababu gani. Ikiwa ni lazima kuweka alama kwenye karatasi, tumia penseli laini, nyuma, pembeni kabisa. Wino hupenya, na gundi ya selotepu huacha doa la manjano ambalo hata fundi stadi hupata shida kuliondoa.

Umuhimu wa daftari la namna hii unaonekana wazi katika familia ya Vincent van Gogh, mchoraji wa Uholanzi. Alipofariki mwaka 1890, na nduguye Theo akamfuata miezi sita baadaye, kazi zilibaki mikononi mwa mjane wa Theo, Johanna van Gogh-Bonger. Mama huyo alitunza barua, akazichapisha mwaka 1914, na akaendelea kuandika mauzo katika daftari la hesabu la nyumbani ambalo leo huwasaidia wataalamu kufuatilia picha gani ilikwenda kwa nani. Daftari la matumizi ya nyumba limegeuka kuwa nyaraka ya historia ya sanaa, na la familia yako linaweza kufanya vivyo hivyo.

Mahojiano na wazee yasicheleweshwe, hata kama bado hujamaliza kuorodhesha. Nenda na picha zenyewe, au nakala zake kubwa, kwa sababu swali la jumla kama "alikuwa mtu wa namna gani?" huleta majibu ya msibani: mpole, mchapakazi, mcha Mungu. Mwekee mzee picha ya mwanamke aliyekaa mlangoni, kisha umwulize ni nani, kiti hicho kilikuwa cha nani, dirisha lile lilitazama wapi, na msanii alisimama upande gani alipokuwa akichora. Atakumbuka harufu ya mafuta ya rangi, nani alikatazwa kuingia chumbani, na nani alilalamika kwamba fedha zinaishia kwenye brashi. Rekodi sauti kwa ridhaa yake, mwache anyamaze anapotaka kunyamaza, na wazee wawili wakitofautiana andika maelezo yote mawili pamoja na majina yao. Waulize pia majirani, wanafunzi wake na watu waliomkalia awachore, kwani mara nyingi wao ndio waliopewa kazi kama zawadi.

Baada ya hapo toka nje ya ukoo. Tafuta daftari la wanafunzi la chuo alichosoma, katalogi za maonyesho, magazeti ya miaka husika, vyeti vya kuzaliwa, ndoa na kifo, na kumbukumbu za waajiri waliomwagiza mabango, vielelezo vya vitabu au michongo ya majengo. Tafuta kwa kila namna jina lake lilivyowahi kuandikwa. Wanawake hasa hupotea katika kumbukumbu kwa sababu walisaini kwa jina la ubini kabla ya ndoa na kwa jina la mume baada yake.

Katika njia hiyo utakutana na mambo ambayo familia isingependa yajulikane: deni, ugomvi, mtoto wa nje, miaka ya ulevi. Si lazima uyatangaze, hasa yanapowagusa walio hai, lakini usiyang'oe kwenye nyaraka. Unaweza kufunga bahasha na kuandika isifunguliwe hadi mwaka fulani. Hilma af Klint, mchoraji wa Sweden aliyefariki mwaka 1944, alitaka kazi zake za kidhahania, yaani zisizoonyesha vitu halisi, zisionyeshwe hadi miaka 20 ipite baada ya kifo chake, na mpwa wake aliyezirithi alizitunza.

Kuhusu utunzaji, mambo ni machache: mbali na jua, sakafu, bomba la maji na dari inayovuja, ndani ya karatasi na maboksi yasiyo na asidi, mahali pasipopanda na kushuka joto ghafla. Shika karatasi kwa mikono safi iliyokauka. Negativu (filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwazo) na picha za kamera zishikwe pembeni, ukiwa na glavu. Filamu inayonuka siki imeanza kuoza na itengwe na nyingine. Picha ya rangi ya mafuta isifutwe kwa maji, sabuni wala mate. Ikibanduka rangi, ilaze uso ukiwa juu na umtafute mhifadhi wa kazi za sanaa.

Kabla ya kuchapisha au kuuza chochote, tofautisha umiliki wa kitu na hakimiliki. Aliyenunua picha anamiliki turubai, ilhali haki ya kuinakili kwa kawaida hubaki kwa msanii na baadaye kwa warithi wake. Mkataba wa Berne, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka ulinzi wa angalau miaka 50 baada ya kifo kwa kazi nyingi za sanaa, na nchi nyingi zimefikisha miaka 70. Negativu za Vivian Maier, mpiga picha wa Marekani, ziliuzwa kwenye mnada huko Chicago mwaka 2007, na baada ya kifo chake ulizuka mgogoro wa kisheria juu ya nani hasa ni mrithi wa hakimiliki yake. Kwa hiyo orodhesheni warithi wote mapema, mkubaliane kwa maandishi nani atatoa ruhusa, na mnapokabidhi mkusanyiko kwa makumbusho au hifadhi ya nyaraka, mkataba useme bayana kama ni zawadi au amana, nani ataruhusiwa kuusoma, kama unaweza kugawanywa, na kama hakimiliki inahama pamoja nao.